SOMO: UFUNDI WA UMEME KWA MFANYAKAZI ALIYEPITA MIAKA AROBAINI

Katika matawi ya mashamba ya chai na miwa, na katika viwanda vya Jinja na Kampala, kuna swali linaloulizwa siku hizi mkutano ukiisha, watu wakiwa wameanza kuvaa kofia zao. Swali lenyewe ni hili: "Mimi nina miaka arobaini na kitu, mgongo umeanza kukataa, mashine za kuchuma zimeingia shambani. Je, naweza kujifunza kazi ya umeme, au wakati umenipita?"

Somo la leo ni juu ya swali hilo. Tumelichagua kwa sababu wengi wanalijibu vibaya. Wako wanaosema mtu mzima hafundishiki, na wako wanaouza vyeti kwa kusema kwamba kila mtu atakuwa fundi kwa wiki sita. Wote wawili hawasemi kweli.

Kwanza tuiangalie hali yenyewe. Mwezi wa Mei 2023 huko Kericho, nchi jirani ya Kenya, watu wenye hasira walichoma moto mashine za kuchuma chai. Hasira yao tunaielewa. Mashine moja inayoshikwa na watu wawili huchukua kazi ya wachumaji wengi, na wanaobaki bila kazi ni akina mama hasa. Lakini mfanyakazi anayetaka kubadili kazi lazima ajue vizuri mashine zipi zinahitaji fundi wa aina gani. Mashine ya kuchuma chai inakwenda kwa petroli, na fundi wa umeme haitengenezi. Kazi ya umeme iko kiwandani: feni za kunyausha majani, mashine za kukata na kusaga, mikanda ya kupeleka majani, feni za kukaushia. Kila kimoja kina mota, kila mota ina swichi yake na waya wake, na kila kimoja huharibika usiku wa manane wakati majani yamejaa. Katika kiwanda cha sukari mota ni nyingi zaidi. Pale Kakira makapi ya miwa huchomwa ili kuzalisha umeme, na mitambo ya hapo ina uwezo wa megawati 52, ambao sehemu yake huuzwa katika gridi ya taifa. Mkata miwa anayelala nje ya ua wa kiwanda kama hicho amelala karibu na kituo cha umeme.

Tena umeme wenyewe umeongezeka. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na leo linaitwa Nalubaale. Bujagali lilianza kazi mwaka 2012 kwa megawati 250, Isimba mwaka 2019 kwa megawati 183, na Karuma lenye megawati 600 lilizinduliwa mwaka 2024. Bwawa halifungi waya nyumbani kwa mtu. Kila nguzo inayofika senta mpya inahitaji mikono ya kufunga swichi katika maduka, mashine za kusaga, saluni na zahanati.

Wazee wetu waliona jambo hili mwaka 1972. Idi Amin alipowafukuza Waasia, mafundi wengi wa viwandani waliondoka kwa miezi mitatu tu. Mitambo ilibaki. Waliobaki kuiendesha walikuwa wale waliokuwa wasaidizi, waliobeba ngazi na sanduku la vifaa. Aliyekuwa ameangalia kazi kwa macho na akili aliweza kuendelea, na aliyekuwa amebeba ngazi tu alibaki na ngazi yake.

Mtu mzima anajua nini tayari

Mfanyakazi aliyekaa kiwandani miaka kumi na mitano anajua mambo ya umeme bila kujua kuwa anayajua. Chukua mlio wa mota. Umewahi kusikia mota kubwa ikianza polepole kwa sekunde chache, kisha ndani ya boksi kitu kinagonga "tak!", na mota inashika mwendo wake kamili? Ule mgongo ni swichi inayobadilisha namna koili za mota zilivyoungwa. Mwanzoni zimeungwa kwa mfano wa nyota, ili mota isivute umeme mwingi kwa ghafula. Ikishaanza kuzunguka zinaungwa kwa mfano wa pembetatu ili ipate nguvu yake yote. Katika nyota mota huvuta kutoka kwenye laini theluthi moja tu ya umeme ambao ingevuta kama ingeanzishwa moja kwa moja katika pembetatu. Ukiijua sababu hiyo, siku ambayo "tak" haikusikika unajua pa kutazama.

Au mota inayonguruma bila kuzunguka na kupata moto. Mara nyingi njia moja kati ya tatu za umeme imekatika, pengine fyuzi moja imeungua. Kijana aliyetoka chuoni amesoma jambo hilo katika kitabu. Wewe umelisikia kwa masikio yako mara ishirini, na mara zote uliita fundi. Kinachokosekana kwako ni jina la ugonjwa na dawa yake.

Kwa hiyo mtu mzima hana haja ya kuona haya. Anayo masikio, anao uvumilivu, anajua kufika kazini kwa wakati, na hapendi mchezo na kitu kinachoua. Fundi yeyote wa zamani atakuambia kwamba mwanafunzi anayempa hofu ni yule kijana mwepesi wa mikono asiyeogopa kitu.

Lakini tuseme kweli pia juu ya upungufu. Wa kwanza ni macho. Baada ya miaka arobaini wengi hawaoni vizuri kitu cha karibu, na kazi hii ni ya skrubu ndogo na maandishi madogo. Nunua miwani ya kusomea kabla ya kununua bisibisi. Tena pima macho yako kwa rangi. Wapo watu, na wengi wao ni wanaume, ambao tangu kuzaliwa hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani, nao wameishi hivyo bila kujua. Mtu huyo asifunge waya, maana rangi ya waya ndiyo lugha ya kazi hii.

Wa pili ni hesabu. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, na najua jinsi mtu anavyoshikwa na woga akiona nukta katikati ya tarakimu. Woga huo unaondoka kwa mazoezi ya jioni. Michael Faraday wa Uingereza, mtoto wa mfua chuma, alikwenda shule kidogo sana, akawa mwanafunzi wa kazi katika duka la kujalidi vitabu, na hesabu za juu hakuzijua mpaka mwisho wa maisha yake. Mwaka 1831, akiwa na umri wa miaka arobaini hivi, aligundua kwamba sumaku ikisogezwa katika koili ya waya inazaa umeme. Mitambo ya Nalubaale na ya Karuma inafanya kazi kwa kanuni hiyo.

Hesabu tatu za kuanzia

Umeme una vipimo ambavyo lazima vikae kichwani. Volti ni msukumo, kama kimo cha tangi la maji. Ampea ni wingi wa umeme unaopita, kama maji yanayopita katika bomba. Omu ni kizuizi, kama wembamba wa bomba. Wati ni kazi inayofanyika.

Hesabu ya kwanza: ampea ni wati kugawanya kwa volti. Katika nyumba zetu umeme ni volti 240. Pasi ya wati 1,200 huvuta ampea 5. Birika la wati 2,400 huvuta ampea 10. Balbu ya zamani ya wati 60 huvuta ampea 0.25, yaani robo ya ampea.

Hesabu ya pili: ampea ni volti kugawanya kwa omu. Hii tuitumie juu ya mwili wa mfanyakazi. Mwili uliolowa jasho, miguu peku juu ya sakafu yenye maji, unaweza kuwa na kizuizi cha omu 1,000 hivi. Gawanya 240 kwa 1,000. Unapata ampea 0.24. Sasa rudi juu uitazame ile balbu ya wati 60. Umeme unaoiwasha balbu moja ndio huo huo utakaopita katika mwili wako, na kinachoweza kuusimamisha moyo ni chini ya nusu yake. Anayesema "huu ni umeme mdogo wa taa tu" hajafanya hesabu hii.

Hesabu ya tatu ni ya waya. Waya mwembamba ukipitishwa ampea nyingi unapata moto, mpira wake unayeyuka, na nyumba inaungua. Katika nyumba za kawaida waya wa milimita 1.5 za mraba hutumika kwa taa, wa 2.5 kwa soketi, na mnene zaidi, kama 6, kwa jiko la umeme. Fyuzi au kikata umeme kimewekwa ili kiungue au kijizime kabla waya haujapata moto. Ndiyo maana anayeondoa fyuzi iliyoungua na kuweka msumari au waya mnene hajatengeneza kitu. Ameuondoa mlinzi, na sasa kitakachoungua ni waya ndani ya ukuta.

Viwandani utakutana na njia tatu za umeme, volti 415 kati ya njia na njia. Kwa kukadiria tu, mota ya njia tatu huvuta karibu ampea 2 kwa kila kilowati. Mota ya kilowati 10 ikivuta ampea 30, kuna kasoro, na kubonyeza kitufe tena na tena ili ianze ni kuiua. Nyapara atakusukuma ubonyeze. Mwambie kwamba mota mpya ni ghali kuliko dakika ishirini za kutafuta kasoro.

Rangi za waya: hapa watu wanakufa

Tukae kidogo hapa. Viwanda vyetu vingi vilijengwa kwa kanuni za zamani za Kiingereza. Katika kanuni hizo waya wa moto ulikuwa mwekundu, wa kurudisha ulikuwa mweusi, na wa ardhi kijani. Kwa njia tatu, moto ulikuwa mwekundu, wa njano na wa buluu. Katika kanuni za sasa waya wa moto ni wa kahawia, wa kurudisha ni wa buluu, na wa ardhi ni kijani na njano pamoja. Kwa njia tatu, moto ni kahawia, mweusi na wa kijivu.

Soma tena aya hiyo polepole. Waya mweusi, ambao zamani ulikuwa wa kurudisha, sasa unaweza kuwa wa moto. Waya wa buluu, ambao zamani ulikuwa moja ya njia za moto, sasa ni wa kurudisha. Na kiwanda kilichoanza zamani kisha kikaongezwa jengo baada ya jengo kina rangi zote mbili, pengine ndani ya boksi moja. Aliyefundishwa na mzee atamwamini mweusi, na aliyefundishwa chuoni ataamini wa buluu. Wote wawili wanaweza kufa siku moja katika boksi hilo. Rangi ikuambie mahali pa kuanza kupima. Kusema kwamba waya ni salama ni kazi ya kipimo peke yake.

Na kupima kwenyewe kuna utaratibu. Zima swichi kuu ya mashine hiyo. Ifunge kwa kufuli yako, ufunguo ukae mfukoni mwako, usikae kwa nyapara wala kwa mwenzako. Tundika kibao chenye jina lako. Kisha chukua kipimo chako, ukijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, uone kinafanya kazi. Pima pale unapotaka kugusa, njia zote. Halafu rudi ukajaribu kipimo tena mahali penye umeme. Ukiruka hatua hiyo ya mwisho, unaweza kuwa umepima kwa kipimo kilichokufa betri, kikakuambia "hakuna" juu ya waya wenye volti 415. Testa ile ya bisibisi yenye taa ndogo, ambayo kila mtu anatembea nayo mfukoni, isitegemewe kwa kazi hii.

Katika kiwanda kimoja nilichokitembelea kwa kazi ya chama, kufuli zote za mashine zilikuwa zimefungiwa kabatini ofisini, na funguo alikuwa nazo karani wa stoo ambaye huondoka saa kumi. Zamu ya usiku ilifanya kazi bila kufuli hata moja. Tulipouliza, tuliambiwa kufuli zilikuwa zikipotea. Kufuli moja ni bei ya chakula cha mchana. Tawi lilidai, na kufuli zikagawiwa kila fundi na yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari ya kweli. Haki hiyo inatumika vizuri zaidi mkiwa wengi na katibu wa tawi akiwa amearifiwa.

Msaidizi anayefanya kazi ya fundi

Njia ambayo wengi wetu tunaingilia kazi hii ni usaidizi. Kibarua anaitwa kushika ngazi. Baada ya mwaka anafunga skrubu. Baada ya miaka mitatu anaachwa peke yake zamu ya usiku na kiwanda kizima. Katika karatasi ya mshahara bado ni kibarua.

Hali hiyo inampendeza tajiri kwa sababu anapata fundi kwa bei ya mfagiaji. Kwa mfanyakazi ina hatari mbili. Ya kwanza ni mshahara, na hiyo kila mtu anaiona. Ya pili haionekani mpaka siku ya ajali. Mtu akiungua mikono ndani ya boksi la swichi, wa kwanza kufika hospitali atakuwa na karatasi inayosema kwamba huyu ni mfanyakazi wa usafi na hakutumwa na mtu kugusa umeme. Sheria ya fidia ipo, lakini kesi ndefu ya fidia haimlishi mtoto wa mtu aliyekatwa mkono. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inataka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, pamoja na cheo cha kazi hiyo. Kwa hiyo siku unapohamishiwa kwa mafundi, omba barua. Wakikataa, andika wewe mwenyewe katika daftari: tarehe, mashine, kazi uliyofanya, nani aliyekutuma. Daftari hilo lina faida ya pili, kwamba siku ya mtihani ndilo ushahidi wa uzoefu wako.

Juu ya mtihani, jambo la kujua ni kwamba ujuzi wa kazini unaweza kupimwa na kupewa hati bila mtu kurudi shule ya sekondari. Nchini Uganda Idara ya Mafunzo ya Viwanda, inayojulikana kwa herufi DIT, ilikuwa na mitihani ya ufundi kwa madaraja, na ilianzisha pia hati ya mfanyakazi aliyejifunza kazini, ambaye hupimwa kwa vitendo, kipande kwa kipande cha kazi anayoijua. Sheria ya elimu ya ufundi ya mwaka 2025 imepanga upya vyombo vya mitihani hiyo. Kwa hiyo kabla ya kumlipa mtu yeyote shilingi moja, nenda ofisi ya kazi ya wilaya uulize ni chombo gani kinachopima sasa, na kama chuo unachokitaka kimeandikishwa. Ndugu zetu walioko Tanzania waulize VETA, ambao hupima mafundi waliojifunza mitaani, na walioko Kenya waulize NITA.

Cheti cha mtihani na kibali cha kufunga umeme ni vitu viwili. Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 1999, mtu hafungi umeme katika jengo la watu bila kibali cha mamlaka ya umeme, ERA. Vibali hivyo vina madaraja, kuanzia kazi ndogo za nyumbani mpaka kazi kubwa. Anayefunga nyumba za jirani bila kibali, moto ukitokea, atajibu yeye. Hapa kuna mchanganyiko wa jina ambao umewasumbua wengi: kuanzia 2005 mpaka Machi 2025 waliotuuzia umeme waliitwa Umeme, na watu wakadhani kwamba anayeruhusiwa na kampuni ndiye fundi. Kampuni hiyo imemaliza mkataba wake, ugawaji umerudi kwa UEDCL ya serikali, na kibali bado ni cha ERA.

Fedha na nyumbani

Wengi wanaoshindwa hawashindwi na umeme. Wanashindwa na mwezi wa tatu, wakati ovataimu imekwisha kwa sababu ya masomo ya jioni na karo ya watoto imefika. Kaa na mwenzako wa nyumbani kabla ya kuanza, mhesabu ni kiasi gani kitapungua, na kwa miezi mingapi. Kama kuna akiba na mikopo ya ushirika wa wafanyakazi, kopa huko. Usikope kwa wale wanaoshika kadi yako ya benki.

Usiache kazi ili ujifunze, ila kama umepunguzwa tayari. Na kama umepunguzwa, ukapewa kiinua mgongo, usikitie chote katika karo ya chuo. Nusu yake ni chakula. Vifaa vinunuliwe kwa zamu: kwanza kipimo kizuri, koleo yenye mpira, bisibisi tatu na viatu vikavu vyenye soli nzima. Mashine ya kutoboa ukuta inaweza kuazimwa. Kipimo cha bei ya chini sana ni hasara, maana ndicho kinachokuambia kama utakufa.

Neno juu ya akina dada. Nimesikia katika mikutano kwamba kazi ya umeme ni ya wanaume kwa sababu ya kupanda nguzo. Ndani ya kiwanda hakuna nguzo. Kuna boksi, skrubu, na vidole vyepesi, na dada aliyechuma chai miaka kumi ana vidole kuliko sisi wote. Wao ndio wanaotolewa shambani kwanza na mashine, kwa hiyo wawe wa kwanza katika orodha ya mafunzo.

Tudai nini katika mkataba

Mafunzo yasiwe hisani ya meneja kwa mtu anayempenda. Yaingie katika mkataba wa pamoja. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mwaka 1974 Mkataba namba 140 juu ya likizo ya masomo yenye malipo. Kenya iliuridhia mwaka 1979 na Tanzania mwaka 1983. Kwa maneno mengine, wazo la mfanyakazi kulipwa akiwa darasani si ndoto ya tawi letu.

Madai ambayo tawi linaweza kuyaweka mezani ni ya kawaida kabisa. Msaidizi aliyefanya kazi ya umeme kwa miezi kumi na miwili apelekwe mtihani, ada ikilipwa na mwajiri. Akifaulu, daraja la mshahara libadilike kuanzia mwezi unaofuata. Anayesoma jioni asipangwe zamu ya usiku siku za darasa. Na mwajiri anapoleta mashine mpya inayoondoa watu, nafasi za mafunzo zitangazwe kwanza kwa hao wanaoondolewa, bila kuweka kikomo cha umri.

Kikomo cha umri kitazameni sana. Mwajiri mmoja alitangaza nafasi za mafunzo kwa "wenye miaka isiyozidi 30", wakati wachumaji waliokuwa wakiondolewa walikuwa karibu wote wamepita 35. Alipoulizwa alisema mtu mzima hatafanya kazi muda mrefu. Mtu wa miaka 43 ana miaka 17 kabla ya kufika 60. Kijana wa miaka 20 akishapata cheti ataondoka kwenda Kampala mwaka wa pili. Mwambieni meneja afanye hesabu hiyo mbele yenu.

Lingine la kuangalia ni karatasi ya kufungwa. Mwajiri akikulipia mafunzo anaweza kukutaka utie sahihi kwamba utamtumikia miaka kadhaa, au urudishe gharama. Karatasi hiyo si mbaya kwa yenyewe, lakini isomwe na katibu wa chama kabla ya sahihi. Gharama iandikwe kwa tarakimu, ipungue kila mwaka unaotumikia, na isemwe wazi kwamba mwajiri akikupunguza yeye, deni limekwisha.

Na ukipata cheti, usitoke katika chama ukidhani umekuwa wa ofisini. Wapo wanaofanya hivyo. Lech Wałęsa alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha meli cha Gdańsk nchini Poland. Alifukuzwa mwaka 1976 kwa sababu ya kuwatetea wenzake, na Agosti 1980 akaongoza mgomo uliozaa chama cha Solidarność. Fundi ndiye anayejua mahali swichi kuu ilipo, na meneja analijua jambo hilo pia.

Kazi ya kikundi cha masomo

Somo hili lisomwe katika tawi kwa sauti, kisha wanachama wajibu haya. Atakayekuwa na kalamu aandike.

1. Nyumba ya mfanyakazi ina balbu 6 za wati 10, televisheni ya wati 80, pasi ya wati 1,200 na birika la wati 2,000. Vyote vikiwashwa pamoja kwa volti 240, ni ampea ngapi? Je, pasi na birika vinaweza kukaa kwenye waya mmoja wa milimita 1.5 wa taa?

2. Katika kiwanda chenu, ni wasaidizi wangapi wanaofanya kazi ya umeme bila barua? Waandikwe idadi na miaka yao ya kazi, bila majina.

3. Fungueni boksi moja, mkiwa na fundi mwenye kibali na umeme ukiwa umezimwa na kufungwa kwa kufuli. Ni rangi zipi mnaziona? Ni za kanuni ya zamani, ya sasa, au zote mbili?

Majibu ya swali la pili na la tatu yapelekwe kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano wa mashauriano na mwajiri. La kwanza mtasahihishana wenyewe.